Dalia ya Bi Harusi kwenye Difu

Dalia, ule unga wa manjano anaopakwa bi harusi mwilini, ikichanganywa na mafuta hutoa harufu ambayo wenzangu wote huiita harufu ya harusi. Mimi, Mungu anisamehe, nikiisikia hukumbuka grisi. Juzi mjukuu wangu alikuwa akisingwa ndani, wanawake wanaimba, nami nimekaa kizingitini na tasbihi yangu. Mara nikajikuta nimerudi kwetu Mgogoni, kwenye banda la makuti alimokuwa akitengenezea magari baba yangu, Fundi Faki.

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Dada yangu Riziki alikuwa ametiwa ndani, anangoja kuolewa kesho yake baada ya sala ya Ijumaa. Mchumba wake, Hamadi, alikuwa mchuuzi wa samaki wa Tumbe, na riziki yake yote ilitoka kwenye pikapu moja. Pikapu hiyo sasa ilikuwa juu ya magogo bandani kwetu, difu, lile sanduku la gea linalozungusha magurudumu ya nyuma, limefunguliwa, meno ya gea yamesagika. Hamadi alikuwa ameuza kila kilichouzika, hata baiskeli, akaagiza gea mpya kutoka Unguja: ile kubwa ya duara waliyoiita krauni, na ile ndogo inayoizungusha, pinioni. Zikifungwa vibaya zitatafunana zenyewe, na za kununua tena hakuna. Dada yangu angeanza maisha na mume asiye na kazi.

Kwetu bwana harusi haonekani ovyo ukweni siku hizo. Kwa hiyo Hamadi alijibanza upande wa pili wa banda, nyumba ameipa mgongo, na Bi Mkasi, somo aliyekuwa akimfunda dada, akawa anamlinda kutoka dirishani.

"Wee bwana! Usigeuke huku! Ukimwona leo, kesho utamwona nani?"

"Mie natazama gari, Bi Mkasi."

"Haya, lioe hilo gari!"

Baba alicheka chinichini, akaendelea na kazi. Meno ya gea hizo hukutana ndani, mahali asipopaona mtu. Ukitaka kujua yanavyokutana, unapaka machache rangi, unazungusha kwa mkono, kisha unatazama rangi imefutika wapi. Inatakiwa ifutike katikati ya jino. Siku ile kopo la rangi ya baba lilikuwa limekauka kama jiwe. Akalitazama, akainua pua, akasikia harufu iliyokuwa ikitoka nyumbani.

"Mwanangu, niombee dalia kidogo kwa somo. Mwambie ni ya kazi."

Bi Mkasi aliponisikia alicheka mpaka akajishika kiuno. "Ati gari nalo linasingwa! Mpelekee, asije akasema tumemnyima. Muulize, na udi atataka?"

Baba akaikoroga dalia na grisi kwenye kifuniko, akapaka meno kwa kipande cha kumbi la nazi, akaniachia mimi nizungushe. Chuma kilikuwa baridi na kizito, na rangi ya manjano ilipendeza mno. Lakini ilifutika juu kabisa, kwenye ncha ya jino.

"Pinioni iko mbali," alisema baba. Ikabidi aitoe yote, aweke nyuma yake kipande cha chuma chembamba kama ganda la yai, arudishe kila kitu mahali pake. Kazi hiyo ilikula asubuhi nzima. Tulipojaribu tena, alama ilikuwa imeteremka, ila haijafika katikati. Gea zilizunguka laini. Sikio langu halikusikia kasoro yoyote.

Wakati huohuo mdogo wake Hamadi akatokea barabarani, anahema. "Kaka, samaki wameshuka tele Tumbe! Watu wanakuuliza. Bado tu?"

Hamadi akamtazama baba. Baba alifuta mikono kwa tambara, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Gari lako, mwanangu. Wasemaje?"

Hamadi akazunguka, akachuchumaa mbele ya difu, uso umeelekea nyumba, amesahau miiko yote. Alilitazama jino lile la manjano kwa muda mrefu. Mdogo wake akakohoa. Dirishani wanawake wakaanza kunong'ona, na Bi Mkasi akawanyamazisha: "Mwacheni. Huyo haoni ila gari."

"Baba," alisema Hamadi, "hii bado. Tufungue."

Baba akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu posa ilipopokelewa. Wakalala wote wawili chini ya gari. Baada ya Alasiri alama ilikaa katikati ya jino, safi kama dole gumba lililobonyezwa kwenye unga. Baba akasema Alhamdulillahi, na pikapu ikaondoka kwenda Tumbe bila kuvuma.

Kwa miaka mingi niliamini baba alitabasamu kwa sababu ya gea. Nilipofikia kuozesha mabinti zangu mwenyewe, nikaonja ule wasiwasi wa kumkabidhi mtoto kwa mtu unayemjua kwa salamu tu, ndipo nilipokumbuka kwamba Hamadi alipofungua kinywa, baba alikuwa ameshaishika spana. Jibu la gari alikwisha kulijua; la mkwewe ndilo alilokuwa akilingoja.

Nilimweleza mama hayo. Akaniambia kwamba tangu siku ya posa baba alikuwa akikesha kwenye msala, anamwombea Riziki. Siku ile ya difu aliswali Isha, akajinyoosha kitandani, akalala mpaka adhana ya Alfajiri.