Mama Loveness na Jani Lililojificha Kwenye Mchicha

Jua linachomoza Kahama, na Scolastika Ngassa ameshainama kwenye boma la zamani la ng'ombe, upande wa Buzwagi. Anachuma jani moja moja. Analifikicha, analinusa, analigeuza. Halafu analinusa tena.

"Zamani nilikata kwa mundu, konzi nzima kwa mkupuo," anasema mama huyu, ambaye wachimbaji wadogo humwita Mama Loveness. "Nilikuwa nawahi wateja kabla hawajashuka shimoni. Haraka haraka haina baraka. Yamenikuta, mwanangu."

Mvua za kwanza huotesha mimea miwili kwenye samadi hiyo. Mmoja ni mchicha pori, mboga ya wote. Mwingine ni mnanaha, sumu tupu. Haina undugu hata wa mbali, lakini ikiwa michanga husimama bega kwa bega kama mapacha. Jani la mnanaha lina meno pembeni na linanuka ukilifikicha. La mchicha halina meno wala halinuki. Ukikata kwa mundu alfajiri, hayo yote huyaoni.

Msimu uliopita fungu moja lilichanganyika. Aliyelila ni Mwigulu, mchimbaji aliyepanga chumba jirani naye. Jioni mwili wake ulikuwa moto, mdomo mkavu, macho yametanuka. Alichimba sakafu kwa kucha, akipiga kelele kwamba ameuona mwamba wa dhahabu.

"Vidole vinatoka damu, na yeye anacheka!" anasema Scolastika. "Niliogopa, we! Hata leo, nikisikia mtu anacheka sana nasisimka mwili."

Mwigulu alilazwa, akapona. Hofu ya Scolastika haikupona. Wenzake wanamtania kwamba ananusa mboga kama mbuzi. Yeye hajali, ingawa akifika machimboni wengi wameshashuka.

Mpango wake ni kuachana na boma. Nyuma ya nyumba ametengeneza tuta na kupanda mbegu safi ya mchicha kutoka Bukombe. Lakini samadi aliyoitia ameitoa bomani kulekule, kwenye mbegu za mnanaha.

"Nilikumbuka hilo nimeshamwagilia," anasema, akiinamia miche myembamba. "Sijui ipi ni ipi. Nitangoja kila mmoja uonyeshe jani lake. Wenye meno, nang'oa. Nikimaliza ndipo nitauza bila kutetemeka."

Mwigulu anatokea, koleo begani. "Shikamoo, Mama Loveness. Nifungie fungu, dagaa zimenichosha."

"Marahaba, baba. Subiri ikue."

"Au unaogopa nitauona tena ule mwamba?" anauliza Mwigulu, na kuangua kicheko.

Scolastika ananyanyuka ghafla, anamshika kidevu kwa mikono yenye udongo.

"Geuka huku," anasema. "Nione macho yako."