Uzi wa Kijani

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mapema ili msomaji asije akanilaumu kwamba nilimficha. Nikiambiwa chai imechelewa kwa sababu maziwa yamechelewa, nauliza maziwa yamechelewa kutoka wapi. Mke wangu husema ningefaa kuwa askari wa upelelezi, ila hata polisi wangenichoka kabla ya wiki kuisha. Sikuwahi kuona ubaya wa tabia hiyo mpaka nilipofanya kazi Spring Valley, Nairobi, na hadi leo nikipita barabara ile naangalia upande wa pili.

Tulikuwa tunajenga ghorofa la kupangisha, katikati ya nyumba zenye ua mrefu na mbwa wengi kuliko watu. Mimi ni fundi wa mawe. Kwa asiyejua kazi yetu, ukuta wa mawe hujengwa na watu wawili. Mmoja anakaa kona hii, mwingine kona ile, na kati yao kuna uzi wa nailoni uliovutwa mpaka ukiugusa unalia. Kila jiwe linaufuata uzi huo. Mwenzako akilegeza upande wake hata kidogo, ukuta unapinda upande wako na lawama ni yako. Kwa hiyo mtu unayeshikana naye uzi unamjua kuliko unavyomjua shemeji yako.

Fomeni, yaani msimamizi wa mjengo, alinipanga na mzee mmoja kutoka magharibi mwa nchi, aliyekuwa akiishi Kangemi na kuja kazini kwa miguu. Mikono yake ilikuwa na kazi safi ajabu. Lakini alikuwa ameshazeeka, na kwa fundi uzee ni kesi. Asubuhi watu hukusanyika getini na fomeni huchagua kwa kutazama mabega, basi. Mzee alilijua hilo vizuri. Siku ya kwanza tu, tukila githeri juu ya rundo la mbao, aliniambia, "Fundi, mimi hapa ndio mwisho. Wakinitoa hapa hakuna geti ingine itanifungulia. Nitaenda nyumbani nichunge kuku."

Alikuwa na tabia moja iliyonikera. Kila tulipomaliza mstari wa mawe, alipitisha kidole gumba juu ya uzi, taratibu, kutoka konani kwake hadi karibu na katikati, halafu ananyanyua kichwa na kuuliza, "Huko kwako iko sawa?" Kila mstari. Asubuhi, mchana, jioni. Mimi nimejenga tangu nikiwa kijana wa Kabete sijaota ndevu, na sasa mtu ananikagua kama mwanafunzi. Nilikuwa najibu kwa mkato: iko sawa. Moyoni nilikuwa najiuliza anamkagulia nani.

Maana saiti ile ilikuwa imegawanyika. Tulikuwepo sisi wachache wenye kadi za chama cha wafanyakazi, tulizozipata kwenye miradi mingine, na walikuwepo watu wa geti, waliochukuliwa siku kwa siku bila barua wala kadi. Wao walituona sisi kama watu wa kuleta maneno na kufungisha mjengo. Sisi tuliwaona wao kama watu ambao wangepanda hata juu ya moshi wakiambiwa na fomeni. Mimi kadi yangu niliificha ndani ya kiatu, chini ya soli. Mzee hakuwa na kadi.

Tulipata hata shida ya jina. Nairobi ukisema "chama", mtu wa kwanza kukusikia anadhani ni kile cha akina mama cha kuchangiana kila mwezi. Kuna kijana mmoja wa geti tulimnong'oneza kama angependa kuingia chama, akauliza zamu yake ya kununuliwa sufuria itafika lini. Tulicheka, lakini sikumwamini tena. Nilidhani anajifanya.

Mambo yaliharibika siku ya mikanda. Tulikuwa tumefika ghorofa ya tano, na mwakilishi wetu, fundi wa mabomba aliyekuwa na sauti ndogo na kichwa kigumu, alisema hakuna memba atakayepanda jukwaa la nje bila mkanda wa usalama. Tukasimama chini. Watu wa geti nao wengi wao walisita, kwa sababu hata mtu asiye na kadi anajua kuanguka ni nini. Lakini walikuwepo kama kumi hivi waliotupita mbele ya macho yetu na kupanda, na mmoja akatutemea neno ambalo sitaliandika. Mtu alirusha karai. Soja wa getini alikuja na rungu. Mikanda ililetwa baada ya siku mbili, ikavaliwa na wote, hata na wale waliotutukana, na hakuna aliyesema asante.

Baada ya hapo fomeni alianza kuulizia ni akina nani hasa walio na kadi. Siku ile ya kusimama chini tulikuwa tumechanganyika, hakuweza kutujua. Mwakilishi alitaka tusambaze fomu za kujiunga waziwazi. Tukipata zaidi ya nusu ya watu, alisema, mwajiri atalazimika kukaa na sisi mezani. Mimi nikasema waziwazi ni upumbavu. Hatujui nani ni nani. Mtu anakuja kukaa nawe kwenye chai, unamwaga moyo, kumbe ni sikio la ofisi. Tunahitaji alama, nikasema, kitu cha kutufanya tujuane bila kufungua mdomo.

Ndipo nikatoa wazo la uzi. Naandika hivi huku nikiona aibu, lakini siku ile nilijiona mjanja wa Nairobi nzima.

Jumamosi mchana nilishuka mjini, nikaingia duka moja la vifaa vya ujenzi River Road, nikaomba roli la uzi wa nailoni wa kijani. Mwenye duka alinitazama. "Kijani? Mafundi wote wanabeba nyeupe. Hii imekaa hapa mpaka nikaisahau." Nilimwangalia vibaya. Nilishuku hata yeye, nikatoka bila kuaga. Jumatatu nikawagawia mafundi wa mawe wenye kadi, kila mmoja kipande chake. Wapiga plasta na mafundi wa chuma wakafunga vipande vifupi kwenye vipini vya zana zao. Ukiona kijani, huyo ni wetu. Ukiona nyeupe, funga domo.

Mimi na mzee tukavuta kijani. Hakuuliza chochote. Aliupitisha kidole gumba kama kawaida, akasema ni uzi mzuri, hauvutiki sana.

Wiki hiyo nilimpa fomu ya kujiunga. Nilifikiri, tumeshikana uzi miezi minne, nimjaribu. Aliishika karibu na pua, akaigeuza, kisha akaikunja mara nne na kuiweka mfukoni mwa shati. "Nitaiangalia," alisema. Siku ya pili nikamuuliza. "Bado naiangalia." Siku ya tatu hivyo hivyo. Jamani, ni ukurasa mmoja. Nikaanza kumtazama kwa jicho jingine.

Siku ya nne, saa ya chakula, nilikwenda stoo kuomba misumari. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nilimwona mzee kwa mgongo, ameinama juu ya meza, na mbele yake mtu wa stoo, ambaye anakunywa chai na fomeni kila siku. Kati yao kulikuwa na karatasi. Niliijua karatasi ile. Nilirudi nyuma bila kuomba misumari.

Sikumuuliza. Hapo ndipo kosa langu lilipo, naliona sasa kama ninavyoiona meza hii. Mtu uliyeshikana naye uzi miezi minne, unamuuliza. Mimi nilikwenda kwa mwakilishi na kwa wenzangu nikawaambia tumepata sikio la ofisi, na ni yule mzee. Mwakilishi alisema tungoje tuhakikishe. Wengine hawakungoja. Kuanzia mchana ule hakuna aliyemsalimia. Akikaa kwenye rundo la mbao kula, watu walihamia rundo jingine. Mimi nikamwendea fomeni nikamwambia nataka kuhamia ukuta wa lifti, ambako kulikuwa na mtu wa geti asiye na mwenzake. Fomeni akakubali bila kuniuliza sababu.

Nilipokuwa nakusanya mwiko na nyundo yangu, mzee aliniangalia. "Unaenda wapi, fundi?"

"Nimehamishwa."

"Na uzi?"

"Baki nayo," nikamwambia.

Niliuacha kwa makusudi. Sikutaka hata kuugusa baada yake. Wakampa msaidizi wa kumshikia upande wangu, na mimi nikaenda kwenye lifti, nikavuta uzi mweupe wa yule mtu wa geti, nikafunga domo.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, alasiri, fomeni alizunguka ghorofa zote na daftari. Alikuwa anatembea polepole, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kutafuta nyumba ya kupanga. Asubuhi iliyofuata soja alisimama getini na karatasi. Waliosomwa waliambiwa warudishe kofia na waende. Walikuwa kumi na wanane. Mwakilishi alikuwa wa kwanza, na mzee alikuwa wa saba. Mimi sikusomwa.

Na nitasema ukweli wa akili yangu ilivyo. Nilipoona mzee anavua kofia, wazo langu la kwanza halikuwa kwamba nimekosea. Nilifikiri, hawa watu ni wajanja kweli, wamemtoa na yeye ili tusimshuku.

Fomeni ndiye aliyenizindua, na alifanya hivyo kwa kunisifu. Alikuja kwenye ukuta wa lifti akiwa amefurahi, akakaa juu ya mtungi uliopinduliwa. "Wewe uko na akili," aliniambia. "Haukujiunga na hao watu wa kijani."

Nikamuuliza watu gani wa kijani, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Mimi nilikuwa fundi wa mawe kabla wanipe hii kazi ya kubeba simu," alisema. "Kuta zote unaona nyeupe, nyeupe, halafu kijani, nyeupe, kijani. Nikajiuliza, fundi anatafuta rangi ya nini? Nikaenda nikaandika kila mtu yuko kwa uzi ya kijani. Hakuna mtu aliniambia. Walijiandikisha wenyewe kwa ukuta." Akacheka mpaka akakohoa.

Nilishuka hadi stoo. Mtu wa stoo alikuwa anahesabu misumari. Nikamuuliza yule mzee alileta nini siku ile. Alivua miwani yake, akaifuta kwa shati. "Alikuja kuazima hii," alisema. "Anasema ile fomu yenu maandishi ni madogo. Aliivaa akaanza kujaza. Kengele ikalia kabla amalize, akasema atarudi. Nyinyi mkaanza kumtenga, hakurudi." Akafungua droo, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imejazwa nusu, kwa herufi kubwa zilizopinda.

Niliikalia fomu hiyo wiki nzima. Jumapili baada ya kanisa nilikwenda Kangemi. Kupapata hakukuwa kazi. Kila mtu alimjua mzee wa mawe. Nilimkuta amekaa nje ya mlango wake juani, mikono juu ya magoti. Nilisimama kama hatua nne mbele yake, na hakunisalimia. Alinitazama tu. Nilisema moyoni ana haki ya kukasirika.

"Mzee, habari ya leo," nikasema.

Uso ukabadilika. "Ah. Ni wewe, fundi." Kumbe alikuwa hanioni.

Hakunipa kiti. Akasema, bila kupandisha sauti, "Nilijua tu ni wewe. Ulienda ukamwambia fomeni macho yangu imeisha. Ndio maana ulihama."

"Macho gani, mzee?"

"Hizi." Akagusa kope. "Tangu mwaka jana naona ukungu. Jiwe ya karibu, hiyo naishika na mkono, hakuna shida. Uzi nasikia na kidole. Lakini mwisho wa ukuta, huko kwako, sikuwa naona kitu. Ndio nilikuwa nakuuliza kila saa. Nilifikiri umejua, na ulikuwa unanifichia."

Miezi minne nilidhani ananikagua. Nilitamani ardhi inimeze pale pale, mbele ya nguo za majirani zilizoanikwa. Nikamwambia yote. Kwamba hakuna aliyejua habari ya macho yake. Kwamba kijani ilikuwa alama, na mimi ndiye niliyeinunua, na mimi ndiye niliyewaambia watu wasimsalimie. Aliniomba nirudie habari ya uzi, nikarudia. Nilimwekea fomu mkononi. Aliipapasa, akaitambua, akaiweka juu ya goti.

"Kwa hivyo walinitoa juu ya chama," alisema, "na sikuwa nimemaliza kuingia."

"Ndio, mzee."

Mtoto wa jirani alipita na ndoo ya maji, mzee akaondoa miguu njiani kwa kusikia tu.

"Na wewe," akauliza, "kwa nini hawakukutoa? Si wewe ndio uko na kadi?"

"Nilikuwa nimehamia lifti," nikasema. "Huko tulikuwa na uzi nyeupe."

Mzee akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyemaliza mstari na kuukubali.

"Basi," akasema, "huko kwako ilikuwa sawa."