Hasira Iliyopotea Njia

Vaileth alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji katika kitongoji kimoja cha Zombo, na mwaka ule alikuwa amechoka kuongea. Chemchemi waliyoitegemea ilibaki tope. Kila mkutano alieleza kwamba miti ya mlimani inaishia kwenye mkaa. Watu waliitikia kwa vichwa, wakaenda zao. Akawatisha kwamba watahama. Wengine wakacheka, wengine wakasema ni mipango ya Mungu.

Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Mnakauka huku mmekaa!" alifoka. "Hamna hata uchungu?"

Safari hii maneno yaliwaingia. Kaka yake, Yared, aliruka juu. "Ni ng'ombe wa Machibya wanaoharibu chemchemi!"

Machibya alikuwa mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, hana ndugu pale wa kumtetea. Vaileth alipiga kelele kwamba ng'ombe hawachomi mkaa. Nani amsikilize? Wanaume walishachukua fimbo.

Aliwafuata mbio. Alipofika, zizi lilikuwa limebomolewa, na Scolastica, mke wa Machibya, amesimama mlangoni na panga, mumewe yuko malishoni. Vaileth akajipenyeza, akasimama kando yake.

"Anayemtaka huyu mama aanze na mimi."

Wakanung'unika, wakatawanyika, wameridhika kama watu waliomaliza kazi.

"Wewe ndiye uliyewatuma," Scolastica alisema.

"Niliwatuma mlimani, mama. Wakaja huku."

"Huku ni karibu."

Kesho yake Vaileth alipanda mlimani peke yake. Tanuri la mkaa lilikuwa likifuka moshi, na pembeni yake alikuwapo Yared.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Usianze, Vaileth."

"Jana ulisema ni ng'ombe."

"Jana nilikuwa na hasira." Akajifuta masizi usoni. "Si ndivyo ulivyotaka?"

Vaileth akageuka, akashuka mlimani.

Mkutano uliofuata alimtaja kaka yake mbele ya wote, bila kufoka. Watu wakainamisha vichwa, maana karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake kule juu. Aibu nayo haikuwainua vitini. Siku ya kupanda miti kwenye chemchemi walijitokeza wachache. Machibya na Scolastica walikuja na majembe yao, wakachimba bila kumsemesha. Yared hakuonekana.

Vaileth alichimba mpaka viganja vikachubuka, akiwalaani wote moyoni. Jioni miche ilikuwa imesimama mistari kwa mistari, inasubiri kumwagiliwa, na ndoo zikatoka kwenye chemchemi na tope.