Mimba Iliyolala Miaka Minne

Mume wa mama mdogo alikufa kwa homa ya siku tatu, msimu wa korosho. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Masasi nasubiri matokeo. Mama akanituma Newala nikakae na mdogo wake. "Miezi minne na siku kumi," akaniambia. "Eda ikiisha, urudi."

Siku ya arobaini, kaka wa marehemu, ambaye nilimwita baba mkubwa, alisema ni wakati wa kugawa mirathi: nyumba na shamba la mikorosho. Mama mdogo, aliyekaa miaka tisa kwenye ndoa bila kuzaa, akasema kwa sauti ya chini kwamba ana mimba. Wanawake walilia na kupiga vigelegele kwa pamoja. Mtoto aliye tumboni ni mrithi, na eda ya mwenye mimba huisha anapojifungua. Baba mkubwa akakubali kungoja.

Tumbo likakua mpaka mwezi wa tano, kisha likasimama pale pale. Mwezi wa tisa ukapita, na wa kumi na mbili ukapita. "Amelala," mama mdogo aliniambia, kwa utulivu kama anayezungumzia mtoto wa mgongoni. "Kilio cha msiba kilimshtua."

Nilimpeleka Ndanda hospitalini. Daktari alipitisha kile chombo tumboni mwake muda mrefu, akampa kitambaa ajifute, akasema kwa upole, "Mama, humu hamna mtoto."

"Najua," mama mdogo akajibu. "Akitazamwa hujificha."

Daktari aliniangalia mimi. Nikamsaidia mama mdogo kushuka kitandani.

Wiki ile ile, tulikuwa tunachambua mboga uani, mchana, ndiyo kwanza adhana ya adhuhuri imeanza. Akaushika mkono wangu akauweka tumboni. Kitu kidogo kigumu, kama kisigino, kikapita chini ya kiganja changu kutoka kushoto kwenda kulia. Kikasimama, kikanisukuma. Sasa nina watoto wawili na nimeyajua mateke ya mimba. Sikukosea.

Baada ya hapo sikupenda kubaki naye peke yetu, lakini matokeo yangu yalikuwa mabaya na Masasi hakukuwa na kilichoningoja. Alikuwa anaweza kukatiza maneno, akainamisha kichwa kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili, kisha akasema, "Haya, lala," na kuendelea na hadithi yake.

Mwaka wa pili baba mkubwa alimleta shehe. Tulimkaribisha ukumbini, mama mdogo akakaa nyuma ya pazia.

"Shehe, shemeji anatuchezea," baba mkubwa alisema. "Anataka kuing'ang'ania nyumba."

Shehe alikuwa mzee asiye na haraka. "Mjane asiye na mtoto anapata robo," alisema. "Mwenye mtoto anapata thumni, nusu ya hiyo. Mali ya mtoto ingekuwa chini ya macho yako wewe, ndugu wa baba yake. Sasa niambie, nani anadanganya ili apunguziwe?"

"Lakini miaka miwili!"

"Vitabu vya madhehebu yetu vinasema mimba yaweza kufika miaka minne. Ziko nchi za Waislamu ambazo serikali zao zimewasikiliza madaktari, zikaandika mwaka mmoja. Hapa kwetu sijaona aliyeandika."

"Kwa hiyo wewe unaamini?"

Shehe akatazama pazia, halafu akaangalia chini. "Mimi nimekwambia kilichoandikwa," akasema. Hakumaliza chai yake. Mlangoni alitoa salamu mara mbili, ya pili kwa sauti ndogo sana, akielekea kule kwenye pazia.

Tukangoja. Miaka ile mama mdogo hakuvaa rangi wala kutia manukato. Watoto wa majirani wakaacha kuja kuchota maji kwenye tangi letu.

Asubuhi ya siku ambayo miaka minne ilitimia, ukungu ulikuwa umefunika uwanja. Nilipotoka nilimkuta mama mdogo anafagia, amevaa khanga nyekundu, na tumbo lake limelala bapa kama la msichana. Mlango wa mbele ulikuwa wazi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Ametoka."

"Nani?"

"Hakunitazama hata. Alikuwa na haraka."

Niliingia chumbani kwake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, shuka kavu, hakuna tone la damu. Nilipotoka tena alikuwa amefagia uwanja wote mpaka njiani. Mpaka leo najiuliza alikuwa anafagia nini.

"Nenda kamwambie baba yako mkubwa eda imeisha," akasema.

Mirathi ilisikilizwa mahakama ya mwanzo. Hakimu alimuuliza baba mkubwa, "Marehemu aliacha mtoto?" Nilidhani atajibu upesi, miaka minne alikuwa akilitaka swali hilo. Aligeuka kwanza, akatazama mlangoni.

"Mheshimiwa," akasema, "aulizwe mjane."

"Hayupo," mama mdogo akajibu.

Karani akaandika: hakuna.

Mama mdogo alipewa robo yake, mikorosho ya upande wa barabarani. Nyumba ilikwenda kwa baba mkubwa. Hakuhamia wala hakuipangisha. Aliifunga kwa kufuli, na bati zimeanza kuoza. Mama mdogo aliolewa tena, yuko Lisekese kwa mume mkulima, amenenepa na anacheka sana. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia na wanangu. Walipotoka kucheza nilimuuliza, ile miaka ilikuwa nini.

Alichungulia dirishani kwanza, akawahesabu watoto kwa kidole. "Usimtaje," akasema. "Wewe unao wawili."

Kisha akaniuliza kama nitakula ugali au wali.