Seti ya Wageni na Mashuka ya Mama Mkwe

Saa mbili asubuhi Mama Nozeli anafungua karakana yake mkabala na geti la bandari, na kabla hajamaliza kufunga aproni, mumewe ameshahamisha kiti mara tatu.

Kwanza kiti kilikuwa mlangoni. Kikaenda karibu na jiliwa la kubania vyuma. Sasa kiko katikati ya njia, na mwenyewe kasimama.

"Hiyo spana ingekaa upande wa kulia," anasema.

"Chifu, hapa si kwenye boti yako," mkewe anajibu bila kugeuka. "Hapa wewe ni abiria. Kaa."

Hakai. Bandari nzima inamwita Chifu kwa sababu ndiye fundi mkuu wa injini kwenye boti kongwe kuliko zote kati ya boti tatu za kuvuta meli. Saa kama hizi angekuwa chini ya sitaha, anagombana na injini yenye kimo cha mtu. Lakini boti yake imefungwa gatini, haruhusiwi kuiwasha, na nusu ya bandari inasema aliyeifungisha ni mkewe.

Mkewe hakatai.

"Ni mimi," anasema, huku anaishika nozeli mpya, ncha ya kupulizia dizeli ndani ya injini, na kuibana kwenye mashine ya kupimia. "Andika vizuri, mwandishi, maana kuna watu upande wa pili wa geti hawajasikia bado."

Anavuta mkono wa pampu. Ncha ya nozeli inakohoa, kisha inatoa ukungu mwembamba wa dizeli unaosambaa kama pumzi kwenye kioo. Anaitikia kwa kichwa kuridhika, anaiweka upande wa zilizofaulu.

"Nozeli nzima inapiga ukungu. Ikichoka inadondosha, kama pua ya mtoto mwenye mafua. Yale matone injini haiwezi kuyachoma yakaisha, inayatema juu. Ndiyo ule moshi mweusi mnaouona."

Kazi hii hakuitafuta. Mjomba wake alikuwa na gereji ya pampu za malori, akamweka pale apokee simu. Simu yenyewe ilikuwa haiiti. Basi akaanza kuosha nozeli, halafu kuzifungua, halafu wateja wakawa wanamuuliza yeye badala ya mjomba.

Mmoja wa wateja hao alikuwa kijana wa bandarini aliyeleta nozeli ile ile kila wiki, na kila wiki ilikuwa nzima.

"Nikamwambia mjomba, huyu kaka ama hajui kazi, ama hajui kusema."

"Nilikuwa najali usalama wa chombo," anadakia Chifu kutoka dirishani, ambako sasa kahamia na kiti chake.

Ili kuelewa jinsi boti ya Chifu ilivyofungwa na mtu anayelala naye kitanda kimoja, inabidi kurudi nyuma kidogo.

Serikali inamtaka kila mwenye injini kubwa ya dizeli ya chombo cha majini aripoti kila mwaka moshi na gesi zinazotoka bombani, zikiwa zimepimwa injini ikiwa kazini. Mkaguzi alikuwa anakuja na mashine yake, leo boti hii, kesho ile. Boti hizi tatu zilitoka kiwanda kimoja na injini zao ni za aina moja. Kifaa cha moja kinaingia kwenye nyingine bila ugomvi.

Na hapo ndipo mafundi wakuu wa boti hizo watatu, Chifu akiwamo, walipopata akili.

Walichanga wakanunua seti moja ya nozeli mpya. Mkaguzi akija kwa Kipara, mmoja wa hao watatu, seti inafungwa kwa Kipara. Jioni inafunguliwa, inapakiwa kwenye toroli na kufunikwa turubai, inakwenda kwa yule mwenzao wanayemwita Redio. Keshokutwa iko kwa Chifu. Ukaguzi ukiisha inarudi kwa Mama Nozeli, inaoshwa, inafungwa kwenye kitambaa na kuwekwa kabatini.

"Tuliiita seti ya wageni," anasema Mama Nozeli. "Kama zile sahani za kabatini. Mgeni akija anadhani nyumba hii kila siku wanakula kwenye sahani za maua. Akiondoka, watoto wanarudi kwenye bakuli zao za plastiki."

Ripoti zikawa nzuri mno. Tatizo ni kwamba mwenye kampuni naye alikuwa anazisoma. Kila Chifu alipoomba nozeli mpya, bosi alimwonyesha ripoti.

"Aliniambia, 'Chifu, injini yako inapumua kuliko mimi. Nozeli za nini?'" anasema Chifu. "Ningemjibu nini? Kwamba zile ni za wageni?"

Basi moshi ukaendelea. Juu ya bandari kuna mteremko wenye nyumba, na katika mojawapo wanaishi Chifu, mkewe na mama yake Chifu, mwanamke anayependa mashuka meupe kuliko anavyopenda watu. Kila alipoanika, aliyaanua yakiwa na madoa meusi madogo madogo. Alilaumu majirani na kuku wao. Alimlaumu hata mkwewe, kwamba hajui kusuuza.

"Miaka yote hiyo nasemwa kwa kusuuza," anasema Mama Nozeli, "na moshi ni wa mwanawe."

Mwaka huu akaja mkaguzi mpya, dada mwembamba mwenye buti kubwa, na ripoti za zamani kwenye begi. Aliwaita mafundi watatu, akazipanga ripoti mezani mbele yao.

"Boti tatu, injini tatu, namba zinafanana mpaka baada ya nukta," akawaambia. "Hata mapacha hawafanani hivi."

Redio, ambaye hajawahi kunyamaza hata kwenye msiba, akainama kufunga kamba za viatu.

Mkaguzi hakuwashtaki. Aliwaeleza tu utaratibu mpya: kila nozeli imegongwa namba yake, na sasa namba hizo zinaripotiwa pamoja na injini. Namba moja haiwezi kuonekana kwenye boti mbili. Atakayekutwa na namba iliyojirudia atanyang'anywa kibali, na fundi aliyemsaidia vilevile.

Jioni ile ile mafundi wote watatu wakaja karakanani na kreti ya soda.

"Nilivyoona soda nikajua kuna maiti," anasema Mama Nozeli.

"Shemeji," alianza Kipara, "una zile chapa zako za kugongea namba?"

"Ninazo."

"Na una jiwe la kusagia?"

"Kipara, sema."

"Tunasaga namba za zamani, unagonga mpya. Mkaguzi akienda boti nyingine, tunasaga tena, unagonga tena. Dakika tu, shemeji. Wewe mkono wako mwepesi."

"Vyuma vyenyewe vitabaki vyembamba kama sindano!"

"Ni mwaka huu tu," akasema Redio.

Chifu alikuwa anamwangalia mkewe. Wote waliamini boti yake ndiyo mbovu kuliko zote, na kwamba zaidi ya nusu ya kipato chake ni posho za safari. Boti ikilala, posho inalala, na nyumba inabaki kuitegemea karakana hii inayolipa kodi kwa shida.

"Nikasema hapana," anasimulia Mama Nozeli. "Mwaka huu tu, ndivyo mlivyosema mara ya kwanza mlipokuja na toroli. Nitazeeka napikia wageni. Na wakinikamata nagonga namba, nani atatulisha? Soda?"

Badala yake aliwaambia kila mmoja alete nozeli zake mwenyewe, yeye atazitengeneza, na seti ya wageni atampa moja kwa moja yule ambaye zake hazitengenezeki kabisa.

Chifu alirudi nyumbani anapiga mluzi. Alikuwa na hakika seti ni yake.

Asubuhi yake, mbele ya wote watatu, Mama Nozeli alizibana moja moja. Za Redio zilikuwa zimechoka tu, zikasafishika. Za Chifu zilikuwa kwenye hali ya kuombewa, lakini zilitengenezeka kidogo. Za Kipara zilikuwa zimepasuka.

Seti ikaenda kwa Kipara.

"Shemeji, Mungu akuweke," Kipara alisema, akaikumbatia ile seti akakimbia nayo kabla shemeji hajabadili mawazo.

"Na mimi mumeo unanipa nini?" Chifu aliuliza.

"Chai," akajibiwa.

Aliinywa chai hiyo siku mbili mfululizo. Nyumbani walikuwa wanazungumza kupitia mama mkwe. "Mama, mwambie huyo mtu chumvi imekwisha." Mama mkwe alifurahi sana, maana hajawahi kuwa na kazi muhimu kiasi hicho.

Siku ya kupima, boti za Kipara na Redio zilipita. Boti ya Chifu iliegeshwa ikisukuma gati kwa nguvu zake zote, maji yanachemka nyuma, mkaguzi kaingiza mrija bombani. Wingu lililotoka lilifika mteremkoni kabla ya namba kutokea kwenye kioo cha mashine.

Namba ilikuwa juu ya kiwango. Ikaandikwa hivyo hivyo. Boti isifanye kazi mpaka ibadilishwe nozeli na kupimwa tena.

Bosi aliyekataa miaka yote aliagiza nozeli wiki hiyo hiyo, maana kukodi boti ya watu kulimuuma kuliko jino. Zimefika jana. Kesho mkaguzi anarudi.

Ndiyo maana leo Chifu hakai.

Mama Nozeli ameshapima saba. Anabana ya nane, ya mwisho, anavuta. Ukungu hautoki. Linatoka tone, linaning'inia, linaanguka.

Chifu, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hatembei.

"Mpya hiyo," ananong'ona.

"Mpya si lazima iwe nzima." Anaifungua, anaiinua kwenye mwanga, anafinya macho. Ndani kuna utando wa grisi, ile inayopakwa chuma kisishike kutu ghalani. Anaiosha kwa dizeli safi, anaipuliza, anaifunga. Anavuta tena.

Tone jingine. Chifu anashika kichwa.

Anafungua tena, anaosha tena, safari hii polepole. Anavuta.

Ukungu.

Chifu anakaa chini. Si kwenye kiti, kwa kuwa kiti kipo dirishani. Anakaa kwenye ndoo.

Kesho wataifunga boti nozeli zake mwenyewe, zenye namba zake mwenyewe, na hakuna toroli itakayozifuata jioni. Mama Nozeli ameshaifuta rafu ya kabati ilipokuwa seti ya wageni. Anataka kuweka hapo nozeli za kuuza.

Lakini hataisubiri sana namba ya mkaguzi. Ana kipimo chake.

Tangu boti ya mwanawe ifungwe, mama mkwe anaanua mashuka meupe, bila doa. Anazunguka kwa majirani akisifu sabuni mpya aliyonunua, na ameshawanunulisha nusu ya mtaa.

"Usimwambie," Chifu anasema haraka.

"Simwambii. Kesho unarudi kazini. Jumamosi mama anafua," anasema Mama Nozeli, akifuta mikono. "Jioni akianua, akaendelea kuisifu sabuni, nitajua tumefaulu."

"Na asipoisifu?"

"Basi Jumapili, wewe ndiye utakayesuuza."