Pikapu ya Besi ya Simiyu

Siku yangu ya kwanza katika duka la redio la Kitale, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Fundi Mkuu hakunipa bisibisi. Aliwasha redio mbovu akasema, "Keti hapo, sikiza." Nikasikiza mpaka saa sita. Ndipo akauliza, "Umesikia nini?" Nikasema inakwaruza. "Inakwaruza wapi? Kwa sauti ya juu ama ya chini?" Akaniambia nisikize tena. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa: sikio kwanza, mkono baadaye.

Baada ya miaka minne nikatumwa Bungoma kusimamia tawi dogo. Huko nikamjua Simiyu, mpiga besi wa bendi ya densi. Besi yake ilikuwa ile ya mbao inayosimama, ndefu kumpita mwenyewe. Zamani ilitosha. Lakini wapiga gitaa walipopata amplifaya ya betri ya gari, besi ikamezwa. Simiyu akawa anavuta nyuzi kwa nguvu mpaka vidole vikachubuka. Kiongozi wa bendi akamwambia mbele yangu, "Simiyu, bana, hausikiki. Tukimaliza densi ya Jumamosi, sisi tutaendelea bila besi."

Jumatano akaniletea besi dukani. "Fundi, nisaidie. Hii ndiyo kazi yangu, sina ingine."

Alihitaji pikapu, si gari, bali kifaa kidogo cha kunasa mtetemo na kuupeleka kwa amplifaya. Za kununua hatukuwa nazo. Nikaanza na maikrofoni, nikaizungushia kitambaa na kuishindilia katika tundu la kifua cha besi. Spika ikapiga yowe, kwa kuwa sauti yake yenyewe ilikuwa ikirudi ndani ya maikrofoni. Nikaitoa. Nikafunga juu ya mbao kipande cha kusikilizia cha simu kuukuu. Yowe likaisha, ila sauti ikawa ya kuvuma tu, noti zimeshikana. Mwisho nikachukua kichwa cha gramafoni, chenye jiwe dogo linalogeuza mtetemo wa sindano kuwa umeme, nikakibana kwa mpira wa baiskeli kwenye daraja, ule ubao unaoinua nyuzi.

Simiyu akapiga. Kila noti ikatoka peke yake, wazi. Tukatazamana. Noti za juu zilikuwa zimepotoka, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyezisikia, hata yeye.

Akazipiga tena zile za juu. Nikasema, "Ile ya simu itaficha makosa, mzee. Hakuna mtu atajua."

"Mimi nitajua," akasema. "Wacha hii ya gramafoni hapo hapo."

Alhamisi na Ijumaa alikuja kila adhuhuri, akarudia noti zile zile polepole, macho ameyafumba, wateja wakimzunguka. Jumamosi alipiga bila kuvuta sana. Katika wimbo wa tatu kiongozi wa bendi akapunguza sauti ya gitaa lake mwenyewe ili amsikie. Walipopumzika akamwambia, "Wiki ijayo tunapiga Kapsokwony. Usichelewe."

Nimestaafu, nalima mahindi Naitiri. Redio nilizotengeneza ni nyingi, na nyingi kati yake zimekwisha kutupwa. Vijana wapiga muziki huja kuniuliza pikapu ipi ni bora. Huwauliza kwanza kama wako tayari kusikia wanachopiga. Wengi hucheka. Mmoja au wawili huketi na kupiga noti moja moja polepole, na hao ndio ninaowafungulia sanduku la vyombo vyangu.