Mfalme Aliyemkimbia Nyoka

Nilipokuwa mtoto kule Gulwe, Wajerumani walikuwa bado wanatawala, na mama yangu alitwanga nafaka kwa Mama Lila, mke wa Mhindi mwenye duka karibu na stesheni. Tukimsubiri mama, Mama Lila alitusimulia habari za wafalme wa kwao. Mmoja aliitwa Parikshiti. Akiwa mawindoni alimwuliza mtakatifu mmoja swali, na yule, kwa kuwa alikuwa katika sala, hakujibu. Mfalme akakasirika, akamvika nyoka mfu shingoni. Mtoto wa mtakatifu akamlaani afe kwa sumu ya nyoka kabla wiki haijaisha. Mfalme akajifungia katika nyumba iliyojengwa juu ya nguzo, walinzi pande zote. Nyoka akajigeuza funza, akaingia ndani ya tunda, akamwuma mfalme akafa.

Kaka yangu Chilewa, kijana aliyekaribia kuoa, alicheka sana. Kesho yake malishoni akamwuliza Mzee Masima, mzee wa kijiji chetu, kama amemwona mbuzi wetu aliyepotea. Mzee hakujibu. Chilewa akachukua nyoka aliyemuua asubuhi, akamtundika mzee shingoni. Masima alimtoa taratibu, akamweka chini, akaenda zake.

Bibi yetu aliposikia aliacha kusonga ugali.

"Bibi, yule ni kiziwi tu," Chilewa alisema.

"Angekutukana, ningelala usingizi. Ameondoka kimya."

Baba alipeleka kondoo wa kuomba radhi. Masima akamrudisha.

Bibi hakumjua mfalme wa Mama Lila, lakini laana aliijua. Alimkataza Chilewa kwenda malishoni. Akae ndani ya tembe, nyumba yetu ya udongo, asiguse matunda ya porini, ubuyu wala furu, ale alichopika yeye tu. Matundu ya ukuta akayaziba kwa samadi.

"Mfalme alikuwa na walinzi wenye mikuki," Chilewa alinitania. "Mimi nina bibi na mwiko."

Vita vilikuwa vimeanza, na askari walitafuta wapagazi. Asubuhi moja walikuja kijijini. Vijana wenzake Chilewa waliokuwa malishoni waliona vumbi, wakatawanyika vichakani. Yeye askari walimkuta kitandani, anakula, wakamchukua. Bibi aliwafuata hadi relini, akisema mjukuu wake ni mgonjwa.

Chilewa hakurudi. Hata aliyeona kaburi lake hatukumpata.

Mpaka anakufa, bibi alisema ni Masima. Mimi nimesoma, nimezaa, na nguvu ya laana siijui. Najua tu kwamba malishoni angekimbia. Wanangu wakichelewa, jirani huniuliza kwa nini siwafungii ndani. Nafunika chakula chao, nakaa macho.